Kundi la Shemeji Philimoni

Jumanne, 1 Julai 2025
Leo miezi mitano tangu tuondoke Kibondo. Huku Kagoma, wilayani Muleba, ni kiangazi, vumbi. Nimechuma kahawa mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Shemeji Philimoni ameshindwa tena. Alikaa chini ya mgomba anahema kama aliyepanda mlima. Nikamwambia mbele ya wenzetu, "Shemeji, ulikuja kuchuma au kutazama?" Wakacheka. Naye akacheka. Fizi zake zilikuwa na damu. Niliona. Nikaendelea kuchuma.

Alhamisi, 3 Julai
Ameanguka na ndoo ya kahawa. Mama mwenye shamba akafoka kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili tuelewe: "Mtu anaumwa, nyie mnamcheka!" Tukampeleka hospitali ya Muleba, wakatuelekeza Bukoba. Damu imekwisha mwilini. Wamemwongezea. Wamemchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, utapelekwa Mwanza kusomwa. Alinishika mkono tu.
Mimi ndiye niliyemshawishi aje huku. Dada yangu Adela, mkewe, hakutaka.

Jumatano, 16 Julai
Tumerudi Bukoba. Majibu yametoka. Shemeji alikuwa amesinzia, damu inaingia. Daktari akaniita peke yangu kwa kuwa mimi ndiye ndugu.
Alieleza polepole. Magonjwa ya uboho si ya aina moja. Kuna uboho uliokauka. Kuna uboho unaofanya kazi lakini chembe za damu unazotengeneza ni mbovu, hazikomai. Wa shemeji ni huo wa pili. Halafu wagonjwa wa namna hiyo wanawekwa kwenye makundi: hatari ndogo, ya kati, kubwa. Wanatazama ni aina ngapi za chembe zimepungua, na chembe changa zimezidi kiasi gani. Kuna na kipimo cha vinasaba, hicho hakikufanyika, kwa hiyo anakadiria.
Shemeji yuko hatari kubwa.
Nikauliza ni miaka mingapi. Akasema, "Baba, kwa kundi hili tunazungumzia miezi zaidi kuliko miaka. Naweza kukosea." Dawa kali ziko mbali, na mwili wake huenda usizihimili. Damu ataendelea kuongezewa.
Akauliza nani atamwambia. Nikasema mimi.
Shemeji alipoamka akauliza, "Wamesemaje?" Nikasema hatari ndogo. Ilitoka tu. Nimemhamisha kundi kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 17 Julai
Adela amepiga. Nimemwambia vilevile.
Sababu naijua. Shemeji akijua atataka nyumbani. Itabidi nimsindikize, na nafasi yangu shambani itachukuliwa. Tena Adela atasema, si nilikukataza? Mimi ni mwoga.

Jumapili, 20 Julai
Kagoma. Shemeji amechangamka. Amekula ndizi na maharage, akaomba tena. Kisha akampigia Adela kuhusu binti yao Neema, anayeolewa katikati ya Agosti.
"Tusogeze mpaka Krismasi, mama Neema. Ugonjwa wenyewe hatari ndogo. Nataka nicheze, nisikae kwenye kiti kama mzigo."
Adela amekubali. Wakwe wataambiwa kesho.
Nilikuwa namenya ndizi. Nikaacha. Nikatoka nje. Nimejichukia siku nzima.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemwambia alfajiri, kabla wakwe hawajapigiwa. Yote. Uboho, kundi, miezi, na kwamba nilijua tangu Jumatano. Nilitamani anipige.
"Kumbe Krismasi ulikuwa unaniachia tu niipange?"
Akaketi kitandani, akauliza tena:
"Daktari alisema anaweza kukosea?"
"Alisema."
"Basi akikosea nitacheza mara mbili, Agosti na Krismasi. Lete simu. Wewe usipige."
Harusi imerudi Agosti. Anataka kwenda nyumbani wiki hii. Adela akaomba azungumze nami. Akasema, "Kaka, siku zote hizi ningekuwa nalia na mume wangu. Umeninyima." Akakata.

Jumatano, 23 Julai
Bukoba. Shemeji ameongezewa damu ya safari. Daktari amemweleza mwenyewe safari hii, mlango umefungwa, mimi nje kwenye benchi. Shemeji alipotoka alikuwa amelia.
Nafasi yangu amepewa mtu mwingine. Sikumbembeleza mama mwenye shamba. Tulipoaga Kagoma asubuhi alitupatia kahawa ya kutafuna, ile Wahaya wanayowapa wageni, fungu zima limefungwa kwa majani ya mgomba. Akasema ni ya wageni wa harusi.
Shemeji haongei nami sana. Jioni amesema, "Kwenye basi, dirishani nakaa mimi." Nikasema sawa. Nimempangia nguo zake, nimefua shati atakalosafiri nalo, limekauka upesi kwa upepo wa ziwa.
Huku sijui nitarudi lini. Basi linaondoka asubuhi. Nyumbani Kibondo, kesho jioni.