Pikipiki ya Baba Haipandi Lori Tena

Zombe, Kitui

Kwa kaka yangu Musembi,

Nakusalimu, na afya yako naiuliza kwa kweli, ingawa moyo wangu kwako hauko sawa. Mama yetu, Mwaitu, anaendeleaje na magoti yake? Mvua imeshika huko nyumbani Kasikeu ama mnaangalia mawingu tu kama sisi? Mimi ni mzima. Duka la dawa za mifugo linanilisha, na bado nazunguka Zombe yote na pikipiki ya Baba, aliyoniachia akiwa hai, nikipelekea watu dawa ya kupe. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningekutusi, na Mwaitu angesikia.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka pikipiki ije Krismasi, siku ya kujengea kaburi la Baba. Unataka ije kwa pikapu, ikiwa imeoshwa, isimame kando ya kaburi watu wapige picha. Umeandika kana kwamba hakuna kilichotokea mara ya kwanza. Wacha basi nikukumbushe, maana hujawahi kuniuliza yaliyonipata.

Baba alipofariki, uliniambia vijana wa stage ya bodaboda watasindikiza mwili kutoka mochari Makindu, na pikipiki yake ndiyo itangulie, picha yake ikiwa imefungwa mbele, mimi nikiendesha. Nililia na nikafurahi kwa pamoja. Nikakwambia nikitoka Zombe alfajiri nitafika Makindu siku hiyo hiyo. Ukakataa. Ukasema mashemeji watakuwepo na wazee wa kanisa watakuwepo, hutaki ifike na vumbi la Ukambani kote, niipakie lori. Musembi, Baba aliendesha hiyo mashine hadi Wote, hadi Emali, hadi mikutano ya kanisa ambayo hata hakualikwa. Hakuwahi kuipandisha gari. Lakini wewe ndiwe mkubwa, nikatii kama mjinga.

Nilipata lori la mbuzi lililokuwa likienda soko la Emali. Pikipiki ilipakiwa kwanza, ikafungwa nyuma ya kebini, halafu mbuzi wakajazwa. Siku ya kwanza yote ikaishia Mutomo, dereva akisubiri mbuzi wengine. Siku ya pili, karibu na Kibwezi, polisi wakauliza kibali cha wale mbuzi wa Mutomo. Hakikuwepo. Tukawekwa kando ya barabara hadi mwenye mbuzi alete karatasi, na siku ya mazishi ikatukuta papo hapo. Nikamwomba dereva anishushie pikipiki niende zangu.

"Mbuzi zikishuka hapa zitaingia msituni," akasema. "Nani atazishika, wewe ama marehemu?"

Ndipo nikakupigia, saa moja asubuhi. Mabasi yalikuwa yakipita mbele yangu, na kutoka hapo Makindu si mbali. Nikakuuliza kama niiache mashine nije mwenyewe.

"Usikuje bila pikipiki," ukaniambia. "Watu wameshaambiwa itatangulia."

Nikarudi kukaa kwenye kivuli cha lori na suti yangu ya mazishi ndani ya karatasi ya nailoni. Karatasi za mbuzi zilikuja mchana. Emali nikashusha pikipiki, kioo kimoja kimevunjika, kiti kimetafunwa, yote inanuka mbuzi, nikaiendesha hadi nyumbani nikilia ndani ya helmeti. Nilikuta watu wakikunja mahema. Pale langoni kulikuwa na pikipiki nyekundu, mpya, ya jirani yetu, na picha ya Baba bado imefungwa mbele. Jirani mwenyewe aliniambia ulimwomba saa mbili.

Saa moja ulinikataza nisije. Saa mbili ukatafuta nyingine. Hiyo saa mbili, Musembi, ungenipigia simu. Mabasi yalikuwa bado yanapita. Badala yake, nilipofika, uliniambia programu ya kanisa haingojei mtu, na kabla hujanipa mkono ulitazama kwanza kile kioo. Hilo limekataa kunitoka.

Hapa Zombe kuna madereva wa stage wanaopakia pikipiki zao kwa lori wakienda Kitui mjini, eti wanaokoa tairi. Tunabishana nao karibu kila siku, na siku hizi mimi ndiye mkali kuliko wote. Nawaambia ukishaipakia, safari si yako tena, ni ya mwenye lori na mbuzi wake. Wananicheka. Sijawaambia nilijifunza wapi.

Nisalimie mke wako, shemeji yangu, aliyeniwekea chakula siku ile wakati wengine wote walikuwa wamenisahau. Msalimie dada yetu mdogo Ndinda na mwalimu wake wa kwaya, na mjomba anayechunga ng'ombe za Mwaitu. Mwaitu mwenyewe mshike mkono kwa ajili yangu.

Pikapu usitume. Nitakuja nikiiendesha, na vumbi lake lote, na asiyetaka kuliona asimame mbali. Jambo lingine ni moja tu. Nilimuuliza Mwaitu ni nani alirusha udongo kaburini kwa niaba yangu. Akasema hakuna aliyekumbuka. Kwa hivyo waambie mafundi wasimwage zege kabla sijafika. Udongo wangu bado haujaingia.

Ni mimi mdogo wako,
Mutua