Mdomo wa Gertrude

Likasi, tarehe 14 Mei 1969

Mpendwa Shangazi Marceline,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi Berthe, mtoto wa kaka yako. U mzima? Na miguu? Mkatekista Barthélemy alipopita hapa wakati wa Pasaka aliniambia kwamba siku hizi unatembea na fimbo, lakini ulimi wako haujazeeka hata kidogo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ndiye aliyenipa anwani yako ya huko Kabalo. Sisi huku ni wazima, namshukuru Mungu. Mume wangu Augustin bado yuko kiwandani, kikohozi hakimwachi, ila anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Ukinijibu, andika Likasi kwenye bahasha. Jina la Jadotville limeondolewa, ingawa mimi bado linanitoka mdomoni.

Na wewe Barthélemy, najua ndiwe unayemsomea Shangazi barua hii. Soma yote. Usiruke mahali, hata ukisikia haya, na usilainishe neno.

Habari ya kwanza ni njema. Anne, binti yangu mkubwa, anafunga ndoa mwezi wa nane. Mchumba wake ni Adrien, karani, kijana wa mashati meupe. Mama yake anavaa miwani, na bukari hamegi kwa mkono, anakula kwa uma. Aka! Bukari kwa uma, Shangazi! Lakini ni watu wazuri, siwezi kuwasema vibaya.

Jumapili moja walikuja kula kwetu. Nilipika samaki wa ziwa Tshangalele, wakubwa, wabichi kabisa. Adrien akasema kitu cha kuchekesha, nami nikacheka kwa kinywa wazi kama kawaida yangu. Mama yake akaacha uma hewani, akayaangalia meno yangu. Walipoondoka, Anne aliosha sahani bila kunitazama, akasema: “Mama, ku foto ya ndoa ufunge kinywa, s'il te plaît, nakuomba. Minasikia haya.”

Iliniuma sana. Kwetu meno yaliyochongwa yalikuwa urembo, unakumbuka tulivyojivuna nayo. Hapa kambini kwa wafanyakazi watoto huyaita meno ya mamba, na mimi hujifanya sisikii. Miaka ishirini nimecheka kwa kuziba mdomo na kitenge mbele ya wageni, na siku moja tu nilipojisahau, mtoto wangu mwenyewe akaona aibu.

Augustin ndiye aliyesikia habari za dokta wa meno, mzungu kijana. Anavalisha jino jipya juu ya la zamani, kama kofia. Yeye anaita couronne. Nilikubali upesi. Nisikudanganye, nilitaka. Nina miaka arobaini na mitatu, na nilitaka kucheka kwenye harusi ya mwanangu mkono ukiwa chini.

Nikaenda. Dokta alisema kabla ya kuanza nione kwanza nitakavyokuwa. Akatengeneza meno ya mfano kwa nta nyeupe, akayabandika juu ya yangu, akanipa kioo. “Souriez, madame.” Nikatabasamu.

Shangazi, ndani ya kile kioo alikuwa Gertrude.

Sisemi tulifanana. Nasema alikuwa yeye, mdogo wangu, meno yake mapana mazima kabla hayajaguswa. Alikufa na miaka minane, lakini pale alikuwa mwanamke wa makamo, ana mikunjo pembeni mwa macho, na ananicheka. Nikafunga mdomo, akafunga. Nikafungua, akafungua. Niliitema ile nta mkononi mwa dokta nikatoka mbio, kitambaa chake bado kikining'inia shingoni. Muuguzi alinikimbilia mpaka barabarani kukidai, na watu wakasimama kututazama.

Tangu siku ile hanitoki. Naenda bombani kuchota maji, mchana kweupe, wenzangu wanazungumza habari za mihogo, na mimi namsikia nyuma yangu akivuta hewa kati ya meno, ss, ss, kama alivyofanya baada ya wewe kumchonga. Nageuka, hakuna mtu. Anne akicheka chumba cha pili, naacha kazi nasikiliza kama ni yeye au Gertrude. Naogopa, Shangazi. Mimi mtu mzima, mama wa watoto sita, naogopa mtoto wa miaka minane.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Barthélemy, soma polepole.

Siku ile ya kuchongwa, mama alikuwa amekuruhusu unichonge mimi peke yangu. Ulinichonga. Gertrude alikaa karibu akinicheka, kwa sababu mate yangu yenye damu yalinichuruzikia kifuani. Kisha naye akaanza kulia, anataka kuwa mrembo. Ukakataa. Alipozidi kulia ukanituma: “Berthe, kimbia shambani kwa mama yako, umuulize kama na huyu anachongwa.”

Sikwenda shambani. Nilikaa nyuma ya ghala la mahindi, nikatema damu, nikasubiri kwa kadiri ya mtu anayekwenda na kurudi. Halafu nikaja nikakuambia: mama amekubali. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na maumivu na yeye alikuwa amenicheka. Nilitaka naye aumie. Sikutaka zaidi ya hapo. Lakini nilijua nasema uongo, na nilimshika mikono mwenyewe wakati ulipochukua patasi.

Unajua yaliyofuata. Taya likavimba, homa ikapanda, siku ya tisa tukamzika.

Mama alikuuliza mbele ya ukoo mzima nani alikupa ruhusa. Ukajibu: “Weye mwenyewe ulikubali, wifi.” Mama akaapa kwa Mungu kwamba hakukubali. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, nimekamata shati lake. Ukaniangalia. Hukusema: muulizeni Berthe. Ulinyamaza, na baba akavitupa vyombo vyako nje, yeye kaka yako wa tumbo moja. Ukaondoka na jina la muuaji wa mtoto, na hakuna aliyekutafuta tena. Mama alifariki miaka minne iliyopita akiwa bado anakulaani. Nilimpa maji mpaka mwisho. Nafasi ya kusema niliipata mara nyingi, na kila mara nilimuuliza kama anataka mto mwingine.

Jumapili iliyopita nilimwita kaka Nicolas, nikamkalisha pamoja na Augustin na Anne, nikawaambia kama nilivyokuambia wewe. Nicolas alitoka bila kuaga na hajarudi. Augustin alikohoa, akatafuta viatu vyake, akavikosa, vilikuwa miguuni. Anne alilia. Siku mbili hakusema nami, kisha akaja jikoni akaniuliza: “Na ule shangazi, anajua?” Nikasema hapana. Akaniletea kalamu na karatasi hii.

Dokta amenipa tarehe nyingine. Sitakwenda. Anne angependa niende, na mama Adrien atauacha tena uma wake hewani, wala sijui kama nitazoea. Lakini ule mdomo mzima ni wa Gertrude. Nilimnyang'anya mara moja. Siwezi kuuvaa mimi nikaenda nao harusini.

Njoo wewe, Shangazi. Augustin atakutafutia nafasi katika treni. Siku ya ndoa utakaa mahali ambapo mama angekaa, na Nicolas akikataa, akatae. Ukiona huwezi kukaa nami chumba kimoja, nitasimama nje.

Nisalimie mwanao Germain na watoto wake wote, hata nisiowajua majina. Msalimie mke wa Barthélemy. Augustin anakuamkia kwa heshima, na Anne anasema atakupokea yeye mwenyewe pale stesheni. Mungu akupe usingizi mzuri, akuondolee uchungu wa miguu, na hili jina baya nililokupa akuvue leo hii, unaposomewa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nijibu jambo moja tu, maana limenila miaka thelathini na moja: siku ile uliponiangalia nyuma ya baba, ulidhani mama ndiye mwongo, au ulijua ni mimi ukanyamaza?

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye na niliyekutupa,

Berthe