Sentimita Nane za Meza ya Mama

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ulipoomba chai, na ilipofika kitandani ukawa umeshatuaga. Nyumba bado haijajizoea. Dada Mkubwa akipiga simu ulimi humteleza, husema, "Nipe Mama," kisha huuliza kama Baba amekula.

Ulikuwa mchora ramani. Miaka thelathini na moja ulichora mipaka ya viwanja vya watu, na mtu akija ofisini na ugomvi wa hatua mbili, ulimpa kiti kwanza, kisha maji, ndipo ukampa ukweli. Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Ukarudi na boksi la treni ndogo za kuchezea, za mitumba, reli zake zimefungwa kwa uzi, ukamwambia Baba, "Fundi, nitakuhitaji."

Baba ni seremala, nawe ulimwita Nusu Saa, kwa kuwa kila kazi kwake ni ya nusu saa, hata ile ya wiki tatu. Alikutengenezea meza chumba cha nyuma, kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho ulikiagiza kwa maandishi: urefu mita mbili na sentimita arobaini. Hapo zingekaa njia tatu za kando, ambako treni moja husubiri huku nyingine ikipita kwenye njia kuu.

Mbili za kwanza zilikuwa fupi, zikakaa bila matata. Ya tatu ndiyo uliyoipenda. Ulitaka ibebe kichwa cha treni na mabehewa matano, mkia wa la mwisho usiguse njia kuu. Uliikalia miezi na penseli yako, ukitufundisha hata tusiotaka kufundishwa: kwamba pale njia inapogawanyika reli inakula urefu mwingi kabla behewa halijapata pa kusimama, kwamba ukiipinda reli kushoto kisha kulia papo hapo, behewa refu litaruka, sharti katikati uweke kipande kilichonyooka. "Behewa lina mgongo kama wangu," ulituambia. "Ukiligeuza ghafla, linalia." Tulicheka. Nawe ulicheka, umeshika kiuno.

Kisha maradhi ya figo yakaingia. Dawa zilikuchosha, zikakusahaulisha jina hili na lile. Siku ulipopanga reli za njia ya tatu mezani, behewa la tano lilibaki nje, kitako chake kwenye njia kuu. Ukapiga hesabu upya. Ukachora upya. Behewa likabaki nje. Kitinda, mwanao wa mwisho, akakuambia upime na meza yenyewe. Ulimkata jicho.

"Kazi ya mume wangu siipimi."

Mara ya sita ulifunga daftari. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chako cha uji.

"Baba watoto," ulimwambia, "akili imeniaga."

"Ni umri tu, mama watoto. Sote tunazeeka."

"Hapana. Najua hesabu inavyokaa kichwani mwangu. Haikai tena."

Tangu hapo ukawa unajivua jambo moja moja. Dawa zako ulimwachia Kitinda azipange, ukisema wewe utazichanganya. Jiko la gesi hukuligusa tena, usije ukalisahau linawaka. Uliacha kumpigia mdogo wako, Mama Mdogo, kwa kuogopa kumrudia hadithi aliyokwisha kuisikia. Wageni walikuja, ukawatazama tu na kutabasamu, wewe uliyekuwa ukiwachekesha hadi chai inawapalia. Miezi minane ulikaa hivyo. Kisha ukaenda.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Baba aliamua kukumalizia ile njia. Alisema ni kazi ya nusu saa. Akautandaza mchoro wako, akaufuata mstari kwa mstari, na behewa la tano likabaki nje. Alilia kidogo. Akachukua futi yake aone ulikosea wapi, akurekebishie, yaishe. Akapima mipindo: sawa. Akapima kile kipande kilichonyooka: sawa. Hakikubaki cha kupimwa ila meza.

Dada Mkubwa alimkuta ameketi sakafuni.

"Baba, umeanguka?"

"Mita mbili na thelathini na mbili."

"Nini hiyo?"

"Meza. Mlango ulikuwa unaigonga, haufunguki wote. Nikaipunguza sentimita nane. Nikasema akirudi kutoka dukani nitamwambia. Nikasahau, mwanangu. Siku zile zote anajilaumu, mimi nimesimama pale pale mlangoni na uji."

Wanasema majuto ni mjukuu. Haya ya Baba yamekuja yana mvi tayari.

Aliung'oa ule mlango. Akaunga zile sentimita nane kwa ubao na gundi, akalaza reli kama ulivyochora. Tulikusanyika kutazama, na Mama Mdogo pia. Treni ikaingia polepole, ikapinda, ikanyooka, ikapinda tena, ikasimama. Behewa la tano lilikuwa ndani, na nyuma yake nafasi ya vidole viwili, kama ulivyoandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Hakuna aliyepiga makofi.

"Sasa?" Mama Mdogo akauliza.

Baba akazima umeme, akatoka. Hajaingia tena chumba kile. Chakula anakula kwa kubembelezwa. Watu wakimletea kazi ya mbao anawarudisha. Anasema mkono wake si wa kukabidhiwa kipimo cha mtu. Tumemwambia, "Mama angekusamehe."

"Najua angenisamehe," anajibu. "Nilitaka ajue."

Na hilo, Mama, halina fundi. Tumeligeuza kila upande miezi hii tisa.

Basi Baba ametuomba tuandike hapa gazetini, jina lake likiwa la kwanza, kwa ajili ya wale waliokuja kukujulia hali siku zile, wakatoka wakinong'onezana ukutani kwamba mchora ramani kaanza kupotea. Tuliwasikia. Tuliwaitikia kwa kichwa, maana hata sisi tuliamini. Nao wasome: hesabu yake ilikuwa sawa, ya kwanza na zile tano zilizofuata. Akili yake ilikuwa nzima hadi siku ya mwisho. Ni yeye peke yake ambaye hakuambiwa.

Unakumbukwa na mumeo, Fundi Nusu Saa, wanao, Dada Mkubwa na Kitinda, mkweo, mume wa Dada Mkubwa, na mdogo wako, Mama Mdogo, ambaye bado hajaifuta namba yako.

Hatutakusahau, Mama, hadi na sisi tusahauliwe.