Sifuri Zilizomnyima Mama Eliza Wazikaji

Jumatano, Tunduma. Julai 2014.

Upepo wa leo una vumbi na baridi kali. Genge sijafungua. Nimekaa jikoni na simu, naandika kwa kidole kimoja, na nina hasira.

Jumatatu tumemzika Mama Eliza. Tumemzika vibaya.

Anayenisoma hapa anajua mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Sheria yetu haina maneno mengi: mwenzako akifa, unafika. Wanaume wanachimba, wanawake tunabeba maji na kuni, tunapika, tunalala chini na wafiwa mpaka tanga liondoke. Mama Eliza hakukosa msiba hata mmoja. Wanawake wa mtaa huu waliokufa, karibu wote aliwaosha yeye, hata wale ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa.

Zamani habari ya msiba aliipeleka Mzee Siwale, anapiga hodi nyumba kwa nyumba. Mwaka huu mjukuu wangu Atu karudi kutoka chuoni na kompyuta. "Bibi, naingiza namba zote humu, nabonyeza mara moja, ujumbe unawafikia wote." Nikakubali. Nikamwambia Mzee Siwale apumzishe miguu. Nilijiona wa kisasa, nikatamba nayo mpaka kanisani.

Haya sasa.

Jumatatu asubuhi wakaingia wanawake wa Nakonde, wanachama wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Nikashangaa, maana mazishi ni saa nane mchana. Wakasema ujumbe umewaita asubuhi. Wakasubiri, wakachoka, wengi wakarudi kwenye biashara zao. Wa Tunduma hakuna. Wanaume hakuna. Kaburi likachimbwa na vijana wa kuokoteza stendi, huku wanacheka mambo yao. Jeneza tukabeba wanawake. Mimi na goti langu hili nilishika nyuma.

Eliza, binti yake wa pekee, akanigeukia pale pale kaburini. "Mama mwenyekiti, mama yangu alimkosea nani?"



Jana nikamkalisha Atu mbele ya hiyo kompyuta yake. Fungua, nikamwambia, na usinililie. Orodha ikatokea, namba zimepangwa kama matofali. Nikatafuta yangu. Naijua kwa kichwa, inaanza na sifuri. Pale inaanza na saba.

"Sifuri yangu iko wapi?"

"Imeifuta yenyewe, Bibi. Inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi."

"Kwani kuna mtu anajumlisha simu?"

Akanionyesha moja moja. Namba za Tunduma zote zimekatwa kichwa, hakuna ujumbe uliofika; hata wangu, ila sikushtuka kwa kuwa nilikuwa tayari msibani. Za Nakonde zinaanza na namba ya nchi yao, hazina sifuri ya mbele, ndiyo maana zilipita. Na saa nane yetu kaiandika 8:00, kama tunavyoitamka. Kwa Wazambia hiyo ni asubuhi. Ilitakiwa 13:00, maana saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Dawa yake ni ndogo mpaka inauma. Kabla hujaandika namba, unaiambia ile safu kwamba haya ni maandishi, si hesabu. Basi, sifuri inabaki. Hakufanya hivyo, wala hakuangalia kama ujumbe umefika. Nimemgombeza mpaka akalia kweli. Kisha nikamwacha, maana aliyemwachisha kazi Mzee Siwale si Atu.

Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanachama. Wengi walishika vichwa. Nikafika kwa Mama Joi, muuza dagaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono inachambua dagaa.

"Mwenyekiti, hata huo ujumbe ungefika, mimi nisingekuja. Hujasikia? Mtu hazikwi hivyo bure. Wale maiti, unadhani alikuwa anawaosha tu?"

"Funga mdomo wako, wewe! Mama yako mzazi alioshwa na nani?"

"Ndiyo hicho ninachosema."

Nimetoka bila kuaga. Mbele kidogo nikakuta wanawake wengine kibarazani, wakakata maneno nilipokaribia.

Kwetu huku mama akishasemwa mchawi, na binti anasemwa. Eliza anaishi peke yake na watoto wadogo, na nyumba za nyasi zinaungua haraka. Nimeshaona. Sitaki kuandika zaidi.

Atu amezirudisha sifuri zote. Nimemwambia asitume kitu kwa mtu yeyote.

Kesho alfajiri nakwenda kwa Eliza na mkeka wangu. Nitalala huko, watu wapite wanione nimekaa mlangoni kwake. Lakini akinifungulia, nianze na lipi? Nimwambie ya kompyuta, aone mama yake hakutengwa na mtu? Au nimwambie ya Mama Joi, ajue sasa ametengwa yeye mwenyewe?