Kijiji cha Mbao cha Mzee Lindig

Kituo cha Polisi Weißwasser, 14 Novemba 1994.
Shahidi: Roswitha Nowka, miaka 58, zamani mfanyakazi wa kiwanda cha kioo, mkazi wa hapa mjini.

Nahudumia kahawa na keki katika chama cha treni ndogo za mfano. Umeniuliza, Bwana Mkaguzi, kwa nini Mzee Gotthard Lindig alimvunja pua mwenyekiti wetu, Eckhard Pröhl. Nitakwambia, ila usinikatize.

Kijiji alikozaliwa Traudel, mke wa Mzee, kilifukuliwa na wachimba makaa ya mawe, kanisa na makaburi yote. Mwezi Januari Mzee alikuja chamani. Traudel alikuwa na saratani. Mzee alitaka kukichonga kijiji hicho kwa mbao, akiweke kando ya reli zetu, mkewe aone treni ikisimama tena kwao kabla hajafa. Akauliza vipimo vya kweli avigawanye kwa ngapi ili vilingane na treni zetu. Pröhl akamjibu bila kupepesa macho, "Themanini na saba, mzee wangu." Wenzake wakainamia vikombe kuficha kicheko.

Hesabu zao sikuzijua wakati huo. Kumbe treni zetu zimegawanywa kwa mia na ishirini. Ukigawanya kwa themanini na saba, kila kitu kinatoka kikubwa zaidi: mtu anafika sentimita mbili, na wa kwetu hafikii hata moja na nusu. Kila mwanachama alilijua hilo. Walimwacha achonge miezi tisa, na juu yake wakamsifu! "Kazi safi, Gotthard, usisahau kanisa."

Tarehe 8 Oktoba, saa nane mchana, tulifungua maonyesho. Ukumbi ulijaa. Traudel aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amepaka rangi ya midomo. Treni ikaingia, ikasimama. Abiria wa mbao, aliowachonga Mzee wakiisubiri, walikuwa warefu kuliko milango ya behewa. Watu wakaanza kucheka.

Traudel akauliza, "Gotthard, wataingiaje?"

Pröhl akadaka kwa kipaza sauti, "Tutawakata miguu, mama! Au wabaki tu, kwao kwenyewe hakupo!"

Kicheko kikalipuka. Nikamwambia, "Huna haya, Eckhard." Akanijibu, "Aa, Rosi, lete keki." Mzee alisimama tu, mkono juu ya paa la kanisa lake. Traudel alilia hadi mlangoni. Hakutoka tena nyumbani, akafariki tarehe 5 mwezi huu.

Juzi, saa tano asubuhi, tulimzika. Pröhl alikuja na koti jeusi, nikadhani ameingiwa na utu. Thubutu! Alimpa Mzee kiboksi cha kiberiti. Ndani mlikuwa na shada la maua, dogo kama kifungo cha shati, lina utepe. Akasema, "Kutoka kwetu chamani. Safari hii kipimo ni sawasawa."

Ndipo Mzee akampiga. Shada likaanguka. Mzee hakukimbia, wala hakumtazama Pröhl tena. Alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, analitafuta, maana utepe ulikuwa na jina la Traudel. Nilitafuta naye. Hatukulipata.

Niliyoyaona ni hayo, na mbele ya hakimu nitayarudia hayo hayo.

(Sahihi) R. Nowka

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Mlalamikaji anadai alipigwa ngumi tatu. Shahidi ameomba iandikwe kwamba, kwa bahati mbaya, ilikuwa moja tu.
Mkaguzi J. Barthel