Vijiti Kumi na Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika! Bahari nimeiona kwa macho yangu. Nimeionja kwa ncha ya kidole – chumvi kweli, hawakututania.

Mwalimu wa Bayolojia kasema tusianze kazi mpaka dada mlinzi wa kasa atupe maelezo kesho. Mimi na kusubiri wapi na wapi? Nikiona uchafu mikono inaniwasha. Nimevaa glavu, nimesafisha ufukwe peke yangu hadi jua likanichoka. Chupa, ndala zisizo na pea, nyavu mbovu, vijiti vyenye vitambaa vilivyopauka. Vijiti tu, kumi na kimoja! Mama mpishi kavipokea kwa mikono miwili, vya kuwashia moto.

Wenzangu wananiita Msafi. Kichwa kimevimba kidogo.

Jumanne, 5 Agosti

Ningejua!

Maelezo yalikuwa saa tatu, ukumbini. Dada mlinzi akainua kijiti chenye kitambaa. Kila mkiona hiki, akasema, chini yake kuna mayai ya kasa, msikanyage hapo. Nikakumbuka uji wa asubuhi. Uji uliopikwa kwa vijiti hivyohivyo!

Halafu kundi la pili likaambiwa likachimbe mashimo ya nguzo za uzio. Palepale nilipong'oa vijiti.

Nikamnong'oneza Redio, rafiki yangu asiyejua kunong'ona.

"Nyamaza tu, watadhani ni upepo," nikamwambia.

"Upepo gani unachagua vijiti? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda, shoga."

Nilikimbia. Mashimo mawili yalikuwa tayari yamechimbwa. Nilipiga kelele wasimame, nikakiri mbele ya wote, kamasi na machozi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ni afadhali angenigombeza.

Dada mlinzi akaniuliza, "Vyote?"

"Vyote, dada. Vimeshaungua."

Akavuta pumzi. "Haya, mdogo wangu. Futa kamasi, ukashike kamba."

Kumbe ana daftari! Kila kiota kimeandikwa umbali wake: mita ngapi kutoka pembe ya ghala, ngapi kutoka jiwe jeupe. Tumepima mpaka jioni. Viota kumi vimepatikana, vizima. Nimetua mzigo, jamani, hata mgongo umenyooka.

Cha kumi na moja, ukurasa uliloa. Inasomeka "jiwe jeupe, mita kumi na nne" tu, na tarehe. Ndicho kikubwa kuliko vyote, na kinaanguliwa wiki hii. Mita kumi na nne, upande gani? Shimo moja kati ya yale mawili liko mita kumi na nne kutoka jiwe hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Shimo halikuwa na maganda ya mayai. Dada mlinzi kapekua mchanga wake kwa vidole. Hiyo ni nusu ya nafuu. Lakini nililiburuta gunia la taka pote pale, zito kama nini.

Tumezungushia kamba sehemu yote. Tunalinda kwa zamu. Mwalimu kaniletea chai. Kasema yeye akiwa mwanafunzi alimwagia mche wa utafiti maji ya chumvi. Tumecheka hadi chai ikamwagika.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna kitu. Kaa tu. Zamu tatu nimechukua.

Ijumaa, 8 Agosti

Basi linaondoka saa tisa. Mvua tangu alfajiri hadi adhuhuri, mchanga umepoa. Mabegi yameshapakiwa, mimi niko ndani ya kamba na Redio, naandika juu ya goti. Dada mlinzi kasema nisijilaumu, atalinda mwenyewe. Najua. Ila nilitaka kuondoka nikijua.

Saa tisa kasoro kumi. Honi ya kwanza.

Redio kanyamaza. Redio! Ananivuta mkono. Mchanga mbele ya kiatu chake umebonyea, kama sahani. Hatujaugusa.

Honi tena. Mwalimu anakuja mbio huku ananiita kwa jina langu lote – sasa kasimama. Kavua miwani.

Unabonyea zaidi. Pezi moja, dogo kuliko kidole changu, linapunga…