Ungeshuka tu Kwenye Mkeka

Kaka Mwakio,

Sikuulizi hali. Dereva wa lori la ndizi amepita hapa Voi akasema uko Bomeni, una kazi, una nyumba ya kupanga, hata umenenepa. Na kwamba umetuma ujumbe: Mkamburi afunge vitu vyake aende, mume wake anamngoja. Mume! Nilicheka mpaka yule dereva akaona aibu, akapanda lori lake. Mkeo anakaa kwangu tangu siku ile. Hajasema ndiyo wala la, na hilo ndilo lililonitia moto.

Basi kaa chini nikukumbushe, maana wewe ni bingwa wa kusahau.

Kule Mwanda baba alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye reli, anavua mkanda kabla ya kofia. Ulinisukuma nyuma yako. "Nipige mimi, huyu ni mdogo," ukasema, nawe ulikuwa mdogo vilevile. Mgongo wako ulichanika mpaka shati likagandia, na mama akalilowesha ndipo likatoka. Nilikupenda kwa hilo. Bado nakupenda, mshenzi wewe.

Ulipofungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni, ulinichukua nikiwa sijui hata kushika chuma cha kulehemu. Nikiunguza kitu, kofi la kisogoni. Nikipatia, soda. Makofi yalizidi. Na nilipokuambia nataka kutengeneza televisheni inayomngoja mtu, ikae imezimwa mpaka mtu asimame mbele yake, uliniuliza kama nimelewa.

"Ya kazi gani hiyo?"

"Si ya kazi. Ni ya kutazamwa."

"Watu wa Voi wanatazama mpira, Wakesho. Wacha mchezo."

Lakini ulinisaidia. Nilikata vipande viwili vya bati, katikati nikaweka sponji niliyoitoboa matundu, juu nikafunika mkeka. Mtu akikanyaga, bati linagusa bati na umeme unapita. Mimi mjinga nikaunganisha umeme wa ukutani moja kwa moja, nikakanyaga pekupeku. Ulinikuta nimetupwa chini ya meza, nimejiuma ulimi, damu kidevuni. Ulinizaba vibao huku unalia. "Unataka kuua watu wewe?" Kisha ukakaa nami siku nzima ukinionyesha namna ya kuweka betri ndogo kwenye mkeka, na swichi ya sumaku ya kuwasha televisheni kule mbali. Mikono yako ina subira kwa waya. Kwa watu haina.

Ouma mwenye ukumbi wa video, yule aliyeacha kazi ya reli, aliniazima deki, televisheni mbili na kamera yake ya harusi. Nilikusudia kupiga picha ya treni ikiingia stesheni. Ndipo Mkamburi akaja kwangu, jicho moja limefumba kabisa, mdomo umepasuka, meno mawili ameyashika kiganjani. Chakula kilizidi chumvi, sivyo? Nilichukua panga nije kwako. Haki ya Mungu, ningekukata. Yeye akanishika mkono.

"Weka hiyo panga," akasema. "Leta kamera."

Akakaa kwenye kigoda, akaitazama kamera mpaka kanda ikaisha.

Jumapili baada ya kanisa ulikuja ukumbini na marafiki zako, umevaa ile suti ya kahawia, unajipiga kifua: "Dada yangu ametengeneza hii!" Ukawa wa kwanza kukanyaga mkeka. Televisheni zilichelewa kama kawaida yake: mlio kwanza, kisha mwanga, halafu mkeo. Mmoja mbele yako, mwingine nyuma yako, na lile jicho lililobaki likakutazama. Ulirudi nyuma, akazimika. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Ukakanyaga tena, akaja tena. Hapo kicheko kikakatika, maana wote wanamjua Mkamburi, na wote uliwaambia ameteleza mtoni.

Ulinyakua nondo ya mlango. Televisheni ya mbele ikapasuka kwa kishindo, vioo vikaruka hadi kwenye nywele za watu. Nilikurukia. Uliniangusha sakafuni kando ya mkeka, ukanipiga nondo mkononi, nikausikia mfupa ukikatika kama kijiti. Chuma cha kulehemu nilichotoka kutumia kwenye waya kilikuwa bado cha moto, nikakivuta kutoka mezani nikakuchoma shavuni. Harufu ile ninayo puani mpaka leo, na sijutii. Ukanishika nywele, ukanigonga kichwa saruji, ukanigonga tena.

Na wakati wote ukinipiga, Mwakio, miguu yako ilikuwa juu ya mkeka. Kwenye televisheni ya nyuma mkeo alikuwa bado anatazama. Ungeshuka tu, angezimika. Wewe ndiye uliyefunga zile waya, ulijua. Hukushuka. Ulinipiga mbele ya macho yake mpaka Ouma na wenzake wakakuburuta nje.

Mama alituita nyumbani tufanye kutasa. Aliweka kibuyu cha maji uani. Tumelelewa na jambo hili: unajaza maji mdomoni, unayapuliza nje, unasema hasira itoke moyoni iende nayo, maana ukikaa na hasira ya ndugu yako watu wa nyumbani wanaugua. Mimi nilikuwa nimekaa pale, mkono kwenye plasta. Ulifika, ukakiona kibuyu, ukasema, "Yeye ndiye aliyenianika mbele ya watu. Aanze yeye kuomba msamaha." Ukateremka mlima bila kuaga. Mama alikuita mpaka sauti ikamkauka.

Nakukosa. Lisikie na hilo. Nikikwama na waya nageuza kichwa nikuulize, halafu nakumbuka, nakutukana peke yangu kibandani wateja wakinishangaa. Mkamburi akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya lile pengo, na bado kuna siku anauliza kama huko unapata chakula. Naye namkasirikia.

Jumamosi, baada ya huo ujumbe wako, tulipanda kwa mama sote wawili. Mama akaniomba nitase peke yangu, niitoe hasira niliyo nayo kwako hata kama hupo, ili Mkamburi aende kwako kwa amani. Nilijaza maji mdomoni. Mama akayasema maneno yote, akangoja. Nilitaka, kaka. Nilitaka kweli. Nikameza.

Mama akaanza kulia. Mkamburi akainuka, akamwondolea kibuyu mikononi, akamwaga maji yote chini, akaniambia, "Twende zetu Voi."

Basi umepata jibu. Usitume lori tena. Ukitaka kumaliza hasira, mama yuko Mwanda na maji hayajakauka. Lakini ukija mlangoni kwangu kumchukua huyu mwanamke, nitakuua, Mwakio. Nitakuua, na hakuna atakayekulilia kunishinda.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja.